Vitabu Tulivyovipenda Mwaka Huu, na Hoja Moja kwa Kamati

(Hotuba ya mwalimu mkimbizi aishiye Gitega, Kigali, iliyosomwa mbele ya Kamati ya Jumuiya, wakazi wa kambi na wageni waalikwa katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni. Tumeichapa kama alivyoisoma. Mhariri.)



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Pili nawashukuru ndugu zetu walioondoka kambini Mahama alfajiri, wakapita Ngoma, wakapita Kayonza, wakafika hapa kabla ya saa nne. Karibuni sana. Najua mnatutania sisi wa mjini kwamba tumerudi Gitega bila kuvuka mpaka. Utani huo tumeupokea. Gitega ya Burundi ni mji mkuu wa kisiasa wa nchi tangu 2019. Gitega yetu ni sekta ndogo ya Wilaya ya Nyarugenge, jirani na Nyamirambo na Biryogo, mahali ambapo Kiswahili kimesemwa kwa vizazi. Kwa sisi tuliokulia Buyenzi, kusikia Kiswahili barabarani siku ya kwanza kulikuwa nusu ya kukaribishwa.

Kamati imenipa dakika ishirini nieleze ni vitabu gani kikundi chetu cha kusoma kilivipenda zaidi katika mwaka uliopita. Nitafanya hivyo. Lakini nasema mapema, ili asiwepo wa kushtuka, kwamba mwishoni nitatoa hoja.

Kwanza nieleze tunavyosoma. Tunakutana Jumamosi saa tisa alasiri. Wapo wanafunzi wa darasa la tano na la sita, wapo akina mama, na wazee watatu au wanne ambao husema wamekuja kupumzika tu. Kitabu huwa ni kimoja, watu ni ishirini. Kwa hiyo mmoja husoma kwa sauti, wengine husikiliza, na kila baada ya kurasa chache tunasimama tukaulizana. Lugha nayo ina kazi yake. Mtoto wetu nyumbani anasema Kirundi, kwa jirani Kinyarwanda, darasani Kiingereza, maana shule za Rwanda zilibadili lugha ya kufundishia mwaka 2008. Sisi wazazi tulisoma kwa Kifaransa. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na ndicho kinachotukutanisha na ndugu wa Kongo. Kwa hiyo tunasoma Kiswahili kama kilivyo, na kitabu cha Kifaransa tunakisoma huku tukikifasiri palepale. Kazi ni ngumu, lakini ndiyo inayowafanya watoto wasikilize kwa makini, kwa sababu wanapenda kumkamata mwalimu anapokosea.

Sasa vitabu vyenyewe.

Cha kwanza ni Takadini, cha Ben J. Hanson. Ni hadithi ya zamani katika nchi ya Washona, Zimbabwe ya leo. Sekai amekaa miaka mingi bila mtoto. Anapompata, mtoto ana ualbino, na desturi ya kijiji inasema mtoto wa namna hiyo asiishi. Sekai hafanyi mkutano. Anamfunga mtoto mgongoni usiku na kuondoka. Jina la mtoto, Takadini, kwa Kishona ni swali: tumefanya nini? Katika kijiji cha mbali wapo wanaotaka mama na mwana wafukuzwe, na yupo mzee mmoja, Chivero, anayekubali wakae kwake.

Waliotoka Ruyigi wanaukumbuka mwaka 2008, watu wenye ualbino walipowindwa kwetu na ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Hivyo hatukukisoma kitabu hiki kama habari ya mbali. Lakini watoto walikaa zaidi kwenye jambo ambalo mimi sikulitarajia. Walihesabu ni watu wangapi kijijini walimkubali Sekai siku ya kwanza. Walikuwa wachache sana. Binti mmoja wa darasa la sita akasema, "Kumbe wachache wanatosha." Mama mmoja aliyekuwa ameketi nyuma akiwa na ufuta wake wa kuchambua akaitikia kwa sauti. Tangu siku hiyo sentensi hiyo imekuwa kama methali katika kikundi.

Cha pili ni Kusadikika, cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Kusadikika ni nchi iliyoko angani. Kijana Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha uanasheria, jambo geni katika nchi hiyo. Hana wakili. Hana silaha. Anasimama barazani mbele ya mfalme, na kwa siku sita anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali kutafuta yenye manufaa kwa Kusadikika, nao waliporudi walitupwa gerezani.

Wageni wetu wa mashirika watanisamehe, lakini nitasema kwa nini kitabu hiki kiliwapenya wakubwa. Kila mmoja wetu hapa amewahi kuketi mbele ya meza na kuulizwa: ulitoka lini, ulipitia wapi, nani alikuona, kwa nini huwezi kurudi? Wengi wetu tulikuwa na haki yetu mkononi, lakini maneno yakatoka ovyo ovyo, la mwisho likatangulia la kwanza, tarehe zikagongana, na mwandishi aliye mbele yetu akaandika alichosikia. Karama anafundisha jambo la manufaa makubwa: siku moja, habari moja. Hachanganyi mjumbe wa kaskazini na wa kusini. Hapigi kelele. Haongezi chumvi. Tulipomaliza kitabu tulifanya zoezi: kila mtu asimulie safari yake kwa dakika tano, kwa mpangilio, bila kuruka mbele wala kurudi nyuma. Mzee mmoja alijaribu mara tatu. Mara ya tatu alipofika mwisho, mke wake alisema kwamba katika miaka yote ya ndoa hajawahi kusikia habari ile nzima nzima.

Cha tatu ni Peponi. Ni kitabu cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1948, ambaye aliondoka kwao akiwa kijana baada ya mapinduzi ya 1964, akaishi Uingereza na kufundisha chuo kikuu huko Canterbury. Alipopewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, waliompa walitaja wazi kwamba ameandika juu ya hali ya wakimbizi. Kitabu hiki alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1994. Mwaka 2022 kilitoka kwa Kiswahili, kimefasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Yaani mwana wa pwani alisubiri karibu miaka thelathini kitabu chake kirudi nyumbani kwa lugha ya nyumbani.

Habari yake ni ya Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili. Tajiri Aziz, ambaye mtoto amezoea kumwona kama jamaa, huja kuwatembelea na humwachia sarafu. Siku moja wazazi wanamwambia ataondoka naye kwa treni. Mtoto anafurahi. Akifika pwani anaambiwa na Khalil, kijana mwenzake wa dukani, kwamba Aziz si jamaa yake hata kidogo. Baba yake ana deni, naye Yusuf ni rehani.

Wazazi wenzangu, neno rehani tulilisoma mara mbili. Baadaye nikauliza darasa: nani anajua mtoto aliyeondoka na mtu anayeitwa shangazi, ambaye si shangazi? Mikono iliyoinuka ilinitosha. Tunajua wasichana wanaochukuliwa kambini kwa ahadi ya shule mjini, wakaishia kuosha vyombo na kulea watoto wa wengine bila mshahara. Wazazi hawakuwauza. Walikuwa na deni dukani, mgao ulikuwa haujafika, na mgeni alikuja amevaa vizuri na ana maneno matamu. Katika kitabu hicho hakuna mzazi katili. Kuna mzazi aliyebanwa. Ndiyo maana kinauma, na ndiyo maana kinafaa kusomwa na wazazi kabla ya watoto. Mwisho wa Yusuf sitausema, ili kila mtu akausome.

Cha nne ni cha Kifaransa, La femme aux pieds nus, yaani mwanamke asiye na viatu, cha Scholastique Mukasonga, kilichotoka mwaka 2008. Mama huyu ni Mnyarwanda aliyezaliwa mwaka 1956. Mwaka 1960 familia yake, pamoja na Watutsi wengine, ilihamishwa kwa nguvu ikapelekwa Nyamata, katika Bugesera, kusini mwa mji huu tulipo. Mwaka 1973 alikimbia. Naomba tusikilize vizuri hapa: alikimbilia wapi? Alikimbilia Burundi. Kwetu. Huko alimaliza masomo yake akafanya kazi, kisha mwaka 1992 akahamia Ufaransa. Aliobaki Nyamata waliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mama yake Stefania akiwa miongoni mwao.

Kitabu ni habari za Stefania: jinsi alivyojenga nyumba ya jadi huko alikotupwa, alivyolima mtama, alivyotafuta mahali pa kuwaficha watoto askari wakija. Alikuwa amewaagiza binti zake kwamba siku akifa wamfunike kwa kitambaa, asionekane na watu. Alipokufa hakuwapo binti wa kumfunika. Mwandishi anasema kurasa zake ndizo kitambaa hicho.

Siku tulipofasiri mahali hapo, hatukuendelea. Tulifunga kitabu tukakaa. Jirani yetu mmoja, mama wa Kinyarwanda wa hapahapa Gitega, alikuwa amekuja kumchukua mtoto wake anayecheza na wetu. Alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Akaingia akaketi. Jumamosi iliyofuata alikuja tena, na hadi leo anakuja. Sitaki kuingia katika siasa, na taarifa hii si mahali pake. Nasema tu kwamba nchi iliyowahi kupokea, siku nyingine nayo hupokelewa, na mtoto anayelijua hilo kitabuni hatatembea katika mji huu ameinamisha kichwa, wala hatamdharau atakayegonga mlango wake kesho.

Cha tano kitawachekesha. Ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981 na wataalamu wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yetu haina jalada, na herufi ya mwisho imeondoka yote. Lakini hakuna kitabu kilichoombwa mara nyingi zaidi yake. Watoto hushindana kutafuta maneno. Siku moja walitafuta neno mkimbizi, wakafuata mzizi wake. Wakaandika ubaoni: kimbia, kimbilia, kimbilio, mkimbizi. Wakaona kwamba mkimbizi na kimbilio ni ndugu wa mzizi mmoja. Kijana mmoja akauliza mbona watu huyatenganisha, wakimtaja mkimbizi bila kutaja kimbilio. Sikuwa na la kuongeza. Nilimwambia aliandike swali lake daftarini.

Cha sita, na cha mwisho, ni Petit Pays, nchi ndogo, cha Gaël Faye, kilichotoka mwaka 2016. Mwandishi alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, na baadaye alikuja kuishi Kigali. Mtoto Gabriel, baba yake Mfaransa, mama yake Mnyarwanda mkimbizi, anaishi katika kichochoro chenye maembe na marafiki. Kisha unakuja Oktoba 1993, Rais Ndadaye anauawa, na kichochoro kinaanza kubadilika. Watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa.

Katika kichochoro hicho yupo bibi mmoja Mgiriki, Madame Economopoulos, mwenye rafu za vitabu nyumbani. Mji unapowaka, anamwazima Gabriel kitabu. Mtoto anasoma, anarudisha, wanazungumza juu yake, anapewa kingine. Huko nje wenzake wanatafuta bunduki na kuchagua upande. Vitabu havisimamishi vita. Mwandishi hasemi hivyo, nami sisemi. Lakini vinampa mtoto chumba kimoja zaidi ndani ya nyumba iliyobanana.

Hapo ndipo nafika kwenye hoja yangu.

Ndugu Mwenyekiti, kabati la vitabu hapa Gitega na sanduku la vitabu kambini yamefungwa kwa kufuli tangu Kamati ilipotoa tangazo. Sababu inaeleweka: vitabu vitatu havikurudi. Tangu hapo tunaruhusiwa kusoma mbele ya mwangalizi tu, saa mbili kwa wiki, na hakuna kitabu kinachotoka. Naiheshimu Kamati. Vitabu ni vichache, havifiki hamsini, na kila kimoja kilipatikana kwa shida. Lakini naomba tuvitazame hivyo vitatu.

Kimoja kiliondoka na familia iliyojiandikisha kurudi nyumbani. Basi kitabu hicho kimerejea kabla yetu. Siwezi kukiita kimepotea. Cha pili kilinyeshewa mvua kupitia paa linalovuja, na kabati lenyewe liko chini ya paa hilohilo. Cha tatu kilimfikia muuza karanga, na kwa wiki moja watu wa mtaa huu walikula karanga ndani ya hadithi. Hiyo ni hasara ya kweli, nami nakubali. Hasara moja, katika mwaka mzima wa kuazimana.

Sasa upande wa pili wa hesabu. Yule mzee wa zoezi la Karama alikuwa amesomewa kitabu nyumbani na mjukuu wake, jioni, kwa mwanga wa taa ya sola. Yule binti aliyesema wachache wanatosha alikuwa amekaa na Takadini siku kumi. Saa mbili kwa wiki mbele ya mwangalizi zisingewafikisha hapo. Panya hasomi, mchwa hasomi, lakini ndio watakaobaki na vitabu tukivifungia. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watu kimefanya kazi yake.

Kwa hiyo napendekeza haya:

Kwanza, kufuli liondolewe, na liwepo daftari la kuazima linalotunzwa na wanafunzi wawili wakubwa, msichana na mvulana.

Pili, kila kitabu kikae nyumbani kwa siku kumi na nne, na mzazi au mlezi atie sahihi au alama ya kidole.

Tatu, faini ya fedha isiwepo. Anayerudisha kitabu asimame mbele ya kikundi aeleze alichosoma. Hilo ndilo liwe malipo ya mkopo.

Nne, fundi mshonaji wetu, ambaye amekubali, atufundishe kushona vitabu vilivyochanika kwa sindano na uzi, na gundi tutapika wenyewe kwa unga wa muhogo.

Tano, anayejiandikisha kurudi nyumbani apewe kitabu kimoja kwa hiari ya Kamati, kiandikwe katika daftari kwamba kimesafiri.

Kwa wageni wetu wa mashirika nina maneno machache. Tunawashukuru. Tunajua fedha zimepungua, na hatusemi kitabu kitangulie chakula, kwa maana mwenye njaa hasomi. Lakini mnapopanga kutuletea vitabu, mtuulize. Tumewahi kupokea katoni nzima ya vitabu vya kutengeneza mashine za kiwandani, kwa lugha asiyoijua hata mmoja wetu. Tulizitumia kuinua meza. Vitabu kumi vya Kiswahili, Kirundi au Kifaransa vilivyochaguliwa pamoja nasi vitafanya kazi kuliko katoni ile. Na walio mjini wakumbuke kwamba Maktaba ya Umma ya Kigali ipo Kacyiru tangu 2012. Tukipata nauli ya basi kwa watoto ishirini, Jumamosi moja kwa mwezi, tutajua la kufanya.

Kwa wazazi: msiogope kwamba hamjui kusoma. Mtoto anahitaji msikilizaji kama anavyohitaji taa. Mwambie akusomee ukipika. Ukisinzia, atakuamsha mwenyewe.

Wengi wetu tulivuka mwaka 2015 tukiwa na kile kilichoweza kubebwa. Mwalimu hubeba chaki, na chaki huisha. Kilichobaki ni kazi tuliyofundishwa chuoni: kumfikisha mtoto kwenye ukurasa, kisha kumwachia mkono. Haiwezekani kuifanya kazi hiyo ukurasa ukiwa nyuma ya kufuli.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.